Siri za Wamasoni na Uongo wa Miaka 12

Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo ina hekima yake, lakini si kila lisemwalo lipo. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya Wamasoni, ambao watu wengi huwaita Frimasoni: kwamba wanayo siri ya utajiri, kwamba alama zao ni za shetani, na kwamba aingiaye kwao huuza roho yake. Kisa kilichotokea Ufaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita chaonyesha jinsi habari za namna hiyo zinavyoweza kutungwa, kuuzwa na kuaminiwa hata na wacha Mungu.

Yafaa kwanza kukijua chama chenyewe. Desturi zake zimeiga zile za waashi wa mawe waliojenga makanisa na ngome za Ulaya. Mwaka 1717 matawi manne ya London yaliungana, na mwaka 1723 katiba yao ikachapishwa. Wanachama hawa aghalabu hawakuwa waashi wa kazi, bali walizifanya zana za uashi kuwa alama za mafundisho. Bikari humkumbusha mtu kuzitia tamaa zake mpaka. Kipimo cha pembe humfundisha unyofu. Timazi humtaka asimame wima katika haki. Na pima maji humwambia kwamba wanadamu wote ni sawa. Mwanachama huapa kutotoboa siri za kutambuana, naye hutakiwa kumsadiki Mungu, anayeitwa Msanifu Mkuu wa Ulimwengu. Mwaka 1877 chama kikuu cha Ufaransa kiliondoa sharti hilo la kumsadiki Mungu, nao wenzao wa Uingereza wakavunja uhusiano nao.

Kanisa Katoliki lilikuwa limekwisha kuwakataza waumini wake kujiunga na chama hicho tangu mwaka 1738, kwa kuchelea viapo vya siri na mchanganyiko wa watu wa dini mbalimbali. Mwaka 1884 Papa Leo XIII alitoa waraka mkali wa kuwashutumu Wamasoni. Hapo ndipo mtu mmoja mjanja alipoona soko.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gabriel Jogand-Pagès, lakini alijulikana kwa jina la Léo Taxil. Alizaliwa Marseille mwaka 1854, akasomeshwa na Wajesuiti. Alipokua aliasi dini, akajipatia riziki kwa vitabu vya kuwatukana mapadre na hata Papa. Mwaka 1881 alijiunga na Wamasoni, lakini haukupita muda mrefu wakamfukuza. Kisha, mwaka 1885, alitangaza kwamba ametubu na kurejea kanisani. Shangwe ilikuwa kubwa. Akaanza kuandika vitabu vya kufichua aliyoyaita maovu ya Wamasoni, na mwaka 1887 alipokewa na Papa mwenyewe.

Kila kitabu kilizidi kilichotangulia. Yeye na wenzake walisimulia habari za mkutano ambako shetani alitokea kwa umbo la mamba, akapiga kinanda! Hata hayo yalipata wa kuyaamini. Hatimaye Taxil alimbuni mwanamke aitwaye Diana Vaughan, aliyedaiwa kuwa kiongozi wa ibada za shetani, na mwaka 1895 ikatangazwa kwamba mwanamke huyo naye ameongoka na kuwa Mkatoliki.

Habari hizo zilifika katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Lisieux, alikoishi sista kijana ambaye leo Wakatoliki wanamheshimu kwa jina la Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Tangu Pasaka ya mwaka 1896 Teresa alikuwa ameanza kutema damu kwa kifua kikuu. Moyoni nako alikuwa vitani: tumaini la mbinguni, lililomfariji tangu utotoni, lilikuwa limesongwa na mashaka. Katika hali hiyo alifurahia wokovu wa Diana, akamtungia watawa wenzake mchezo mfupi juu ya habari hiyo, na Diana akapelekewa picha ya Teresa akiigiza kama Joan wa Arc. Barua ya shukrani ikaja.

Wengine walianza kushuku. Katika mkutano wa kuwapinga Wamasoni uliofanyika Trento mwaka 1896, wajumbe walidai uthibitisho kwamba Diana yuko hai. Taxil akaahidi kumleta hadharani.

Tarehe 19 Aprili, 1897, mapadre na waandishi wa habari walijaa katika ukumbi wa Chama cha Jiografia, Paris. Picha ya Teresa ilionyeshwa ukutani. Diana hakutokea. Taxil alisimama peke yake, akakiri kwamba toba yake ilikuwa ya uongo, na kwamba kwa miaka 12 alikuwa akiwacheka waliomwamini. Diana, alisema, alikuwa mpiga taipu tu aliyelipwa kuliazima jina lake na kuandika barua. Ukumbi ulichafuka kwa hasira, na Taxil akatoka chini ya ulinzi wa polisi.

Teresa alipopata habari hizo aliichana ile barua, akaitupa kwenye lundo la samadi. Alifariki tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, bila kuiacha imani yake.

Taxil alikufa mwaka 1907, lakini maneno yake yamebaki. Wapo wanaoyarudia hadi leo bila kujua aliyeyatunga. Kanisa Katoliki bado linawakataza waumini wake kujiunga na Wamasoni, na lilisisitiza jambo hilo mwaka 1983. Hiyo ni hoja ya imani, wala haihitaji mamba apigaye kinanda. Katika Afrika Mashariki, Sir Andy Chande wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2017, aliwaongoza Wamasoni kwa miaka mingi bila kuficha jina lake.

Watoto wa Taxil, hata hivyo, hawajaisha. Leo hubandika matangazo kwenye nguzo na kutuma ujumbe kwa simu: jiunge na Frimasoni, tuma ada ya usajili, upate gari na nyumba. Anayetuma hupokea dai la ada nyingine, na karo ya watoto hupotelea humo. Chama cha kweli humtaka mwanachama alipe michango yake, wala hakimwahidi utajiri. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia nyumbani, usijibiwe wala usilipiwe hata senti. Namba iliyoutuma na ipelekwe kituo cha polisi.