Fahamu: Cheti cha mwenendo mwema kinamlinda mtoto?

Ukiomba kazi ya kufundisha au kulea watoto Lubumbashi, unaweza kudaiwa cheti cha mwenendo mwema kutoka komini. Ni hatua nzuri, lakini komini inashuhudia kile inachokijua tu. Aliyefukuzwa kazi mji mwingine kwa kumdhuru mtoto, bila kesi, anaweza kupata cheti hicho.

Hatari ya kuajiri mtu bila kumjua vizuri tuliiona mashariki mwa Kongo. Kuhusu kazi ya kupambana na Ebola ya 2018–2020, tume huru iliripoti Septemba 2021 watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 wakiwa wa Shirika la Afya Duniani. Wengi walikuwa Wakongo walioajiriwa kwa muda, haraka haraka.

Tangu 2019 mashirika kadhaa ya misaada huulizana kuhusu anayeomba kazi: kwenu aliondokaje? Shule ya Katuba, Lubumbashi, nayo ipige simu hiyo kabla ya kumkabidhi mtu darasa.