Picha katika Taarifa za Mwaka za Makampuni: Lugha ya Mali Isiyoshikika

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya picha katika taarifa ya mwaka ya kampuni, hasa pale hesabu zinapolazimika kunyamaza.

Mali ya kampuni ni ya aina mbili. Ipo inayoshikika: nyumba, magari, mitambo. Ipo pia isiyoshikika: jina, ujuzi, imani ya wateja. Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanaifahamu vyema aina hii ya pili, kwani wengi wao hupata bidhaa kwa mkopo kwa kuaminiwa neno lao. Neno likivunjika, ghala halimwokoi mtu.

Hata hivyo, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 38, iliyotolewa mwaka 1998, hairuhusu jina lililokuzwa na kampuni yenyewe kuingizwa katika mizania. Jina lililonunuliwa huweza kuingizwa. Tuchukue mfano wa M-Pesa. Huduma hiyo ilianzishwa Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012. Lakini jina lilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza hadi mwaka 2020, Safaricom na Vodacom walipolinunua. Ama imani ya mama auzaye maharagwe sokoni Beni, apokeaye malipo bila kuona noti, hiyo haikununuliwa popote. Kwa hiyo haina mstari wake katika hesabu.

Hapo ndipo picha huingia. Kwanza, uso mmoja husimama badala ya maelfu. Pili, vitu huwekwa jirani ili sifa ya kimoja ihamie kwa kingine: simu mkononi mwa bibi mzee husomeka kama uaminifu. Tatu, yapo maelezo chini ya picha. Mkurugenzi huandikwa jina na cheo; mama wa sokoni mara nyingi huitwa "mteja wetu" tu. Kisarufi, wa kwanza ni nomino ya pekee, wa pili ni nomino ya kawaida.

Tofauti hiyo si ndogo. Mkaguzi hutoa hati juu ya tarakimu, wala hatoi hati juu ya tabasamu. Picha hudai kwamba imani ipo, bila kuithibitisha. Na yule aliyeitoa imani hiyo huachwa nje ya mizania na nje ya maelezo pia.

Basi mwanafunzi wa lugha aisome taarifa hiyo kama matini nyingine yoyote. Aulize nani ametajwa, nani ameonyeshwa bila kutajwa, na ni tarakimu ipi katika kurasa za nyuma inayoiunga mkono picha.