Si Kila Chafya ni Homa

Miongoni mwa maneno yanayotumikishwa kupita kiasi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, sidhani kuna linalolishinda neno homa. Katika Kiswahili sanifu, homa ni mwili kupanda joto. Lakini kuanzia Kaloleni hadi Kayole, anayepiga chafya ana homa, anayetokwa na kamasi ana homa, na mtoto anayejikuna macho muhula mzima naye husemekana ana homa isiyosikia dawa. Aghalabu haisikii dawa kwa sababu si homa. Ni mzio.

Neno mzio si geni, ijapokuwa baadhi ya wanafunzi wangu hudhani lilibuniwa juzi na wataalamu wa istilahi. Tangu zamani lilitaja chakula ambacho mtu hakili, ama kwa mwiko, ama kwa kuwa humdhuru. Lile la Kizungu, ambalo wengi hulitamka alaji, ndilo changa: liliundwa na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna mnamo 1906. Uzuri wa neno letu ni kwamba humfungamanisha mtu na kitu chake. Njugu si mzio wa kila mtu. Ni mzio wa fulani. Ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe, kwani kinga ya mwili wa fulani huyo hukiona kitu kisichowadhuru wenzake kuwa adui, ikaanza vita.

Mwalimu atautambuaje? Mafua ya kawaida huja, yakaisha kwa wiki moja au mbili, na pengine huandamana na joto na maumivu ya mwili. Mzio hauleti joto. Huleta mwasho wa macho na pua, chafya mfululizo na kamasi nyepesi kama maji, na hurejea kila mtu akikutana na kitu kile kile. Katika mitaa yetu vitu hivyo ni tele: vumbi la magodoro, ukungu wa kuta wakati wa mvua, kinyesi cha mende. Moshi wa jaa la Dandora si mzio kwa maana halisi, lakini huzidisha pumu ya aliye nayo.

Kumwambia mzazi wa chumba kimoja ahame ni mzaha. Anachoweza ni kuanika matandiko juani, kupangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, na kufunika mabaki ya chakula ili mende wakose riziki. Asimnyime mtoto mayai na maziwa kwa kubahatisha tu. Na aandike alichokula au kugusa kabla ya kuwashwa, kisha ampelekee daktari karatasi hiyo.

Hatari ni pale midomo inapovimba, pumzi zikakwama au mtoto akazirai baada ya kula, kuumwa na nyuki au kumeza dawa. Hapo tembe ya Piriton haitoshi. Huhitajika sindano ya adrenalini, na mwalimu asingoje mzazi afike ndipo ampeleke hospitalini.

Shule nazo zibadilishe swali la siku ya usajili. Ukimuuliza mama, "Mtoto ana ugonjwa?" atajibu hana. Muulize, "Ni chakula gani, dawa gani au kitu gani kinachomdhuru?" naye atalikumbuka yai la mwaka jana.