Fahamu: Hawala hufanyaje kazi Hagadera?

Hawala ni nini?
Ni njia ya kutuma fedha kupitia mawakala wanaoaminiana. Jamaa aliye Minneapolis, Marekani, humlipa wakala wa huko dola. Mwenzake wa Hagadera, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, iliyoanzishwa 1992, humkabidhi mpokeaji fedha.

Mawakala hulipanaje?
Noti hazisafiri kila mara. Madeni ya pande mbili hukatana, kisha salio hulipwa kupitia benki au bidhaa.

Faida hutoka wapi?
Kwenye ada, na tofauti kati ya bei ya kununua dola na ya kuiuza.

Nani husimamia?
Benki Kuu ya Kenya, kwa kanuni za 2013. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, kampuni 13 za kutuma fedha zilisimamishwa kwa hofu ya ufadhili wa ugaidi. Zuio liliondolewa Juni.