Uchaguzi wa Programu za Kujifunzia kwa Mtoto Mwenye Upungufu wa Makini

Karibu kila darasa la shule ya msingi lina mtoto aachaye hesabu katikati, asahauye daftari nyumbani, na ajibuye kabla swali halijakwisha. Mara nyingi mtoto huyo huitwa mtundu au mvivu, naye huadhibiwa. Baadhi ya watoto wa namna hii wana upungufu wa makini na utukutu uliozidi, hali ambayo matabibu huitambua kwa herufi ADHD. Huo si utovu wa adabu. Dalili zake huanza kabla ya umri wa miaka 12, hudumu kwa miezi 6 au zaidi, na hujitokeza nyumbani na shuleni pia. Kuithibitisha hali hiyo ni kazi ya tabibu; kazi yetu walimu ni kupanga ufundishaji umfae mtoto.

Miongoni mwa zana zinazoweza kutusaidia ni programu za simu na vishikwambi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania viligawiwa walimu baadaye, kwa hiyo wanachuo wengi watavikuta shuleni. Swali ni hili: tuchague programu ipi?

Haifai kuchagua ile impendezayo mtoto kuliko zote. Mtoto mwenye ADHD aweza kuzama katika mchezo saa nzima, lakini akashindwa kumaliza zoezi la dakika 10, kwa kuwa mchezo humpa tuzo kila baada ya muda mfupi. Basi kutulia kwake mbele ya kioo si ushahidi kwamba anajifunza. Mwaka 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa iliruhusu mchezo uitwao EndeavorRx utumiwe na watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye hali hii. Hata hivyo, maendeleo yaliyotegemewa katika uamuzi huo yalipimwa kwa jaribio la kompyuta, na mchezo huo ulikusudiwa kuambatana na tiba nyingine, si kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo yatupasa tuanze na tatizo, kisha ndipo tutafute programu. Matatizo makuu ni haya:

(a) Kutohisi mwendo wa wakati. Hapa hufaa saa inayoonyesha duara la rangi likipungua, kwani mtoto huona muda uliobaki bila kuhesabu. Mtindo wa Pomodoro uliobuniwa na Francesco Cirillo hugawa kazi katika vipindi vya dakika 25, lakini yeye aliubuni alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa mtoto wa Darasa la Tatu tuanze na dakika 8 au 10, kisha mapumziko mafupi.

(b) Kusahau maagizo. Tutafute programu ionyeshayo hatua moja tu kwa wakati mmoja, kwa picha au kwa sauti ya mwalimu iliyorekodiwa.

(c) Kuchoka upesi. Hufaa programu yenye mazoezi mafupi na majibu ya papo hapo, isiyoshindanisha watoto kwa kasi.

Tukishalijua tatizo, tuikague programu yenyewe. Je, haina matangazo? Yafanya kazi bila intaneti? Inatumia Kiswahili? Haidai jina wala picha ya mtoto? Programu za Kiswahili zinazotumika bila intaneti zawezekana: kati ya mwaka 2017 na 2019 programu za aina hiyo za kufundisha kusoma zilijaribiwa vijijini mkoani Tanga.

Mwisho, tuijaribu. Kwa wiki moja kabla ya kuitumia, tuandike kila siku idadi ya hesabu ambazo mtoto amezimaliza. Tuitumie kwa wiki mbili huku tukiendelea kuandika. Idadi isipoongezeka, tuiache. Na iwapo kadi yenye picha tatu iliyobandikwa juu ya dawati yatosha, hatuhitaji programu.

Kishikwambi kikiwa kimoja, kiwekwe mbele ili saa ile ionwe na darasa zima. Wenzake nao watafaidika, wala mtoto hataonekana kuwa ametengwa. Pamoja na hayo tusiache kumkalisha karibu nasi, kumpa kazi kidogo kidogo, na kumsifu mara tu anapomaliza. Mambo hayo hakuna programu iwezayo kuyafanya kwa niaba yetu.