Jinsi nazi zilivyowaondoa wakazi wa Bikini mara ya pili

Ukiambiwa kijiji chako kilichochafuliwa na mionzi sasa ni salama, rudi nyumbani, uliza kwanza: wamepima na chakula?

Mwaka 1946 Marekani iliwahamisha wakazi 167 wa Bikini, Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki, ili ijaribu mabomu ya nyuklia. Hadi 1958 ilikuwa imelipua 23. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson akatangaza kuwa wanaweza kurudi. Baadhi wakarudi. Mwaka 1978 wakaondolewa tena: miili yao ilikuwa imejaa seziamu-137.

Kosa lilikuwa wapi?

Kukadiria mionzi ni kujumlisha. Kuna inayompiga mtu kutoka ardhini, na kuna anayoimeza. Hiyo ya pili hutegemea kiasi cha mionzi katika kila kilo ya chakula, na ni kilo ngapi mtu anakula. Pale Bikini, makadirio ya mwanzo hayakufikia kiasi cha vyakula vya kisiwani ambacho watu walikula, hasa nazi.

Fikiria Mwanhuzi, wilayani Meatu. Mtaalamu akiandika kwamba familia inakula wali wa dukani, basi ugali wa mahindi ya shambani, michembe na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani vyote vimebaki nje ya hesabu. Na hivyo ndivyo vinavyotoka kwenye udongo wenyewe.

Kwa nini nazi?

Udongo wa Bikini ni wa matumbawe, potasiamu yake ni kidogo sana. Seziamu inafanana na potasiamu, kwa hiyo mnazi wenye njaa unaifyonza. Ukimwagiwa mbolea ya potasiamu, unaifyonza kidogo zaidi.

Seziamu-137 hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Mwaka 1998, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilikadiria kuwa anayekula vyakula vya Bikini pekee angepata milisivati 15 hivi kwa mwaka; wastani wa mionzi ya asili duniani ni 2.4. Likashauri watu wasirudi kuishi moja kwa moja bila hatua za kupunguza mionzi hiyo.

Hadi leo wengi wa wana wa Bikini wanaishi ugenini. Aliyeko jikoni angeulizwa mapema, huenda wasingehamishwa mara mbili.