Je, Wajua? Televisheni Ndiyo Iliyokuwa Skrini ya Kompyuta

Kompyuta ya ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982, iliuzwa bila skrini. Mnunuzi alichomeka waya wake kwenye tundu la antena la televisheni ya sebuleni, akatafuta chaneli ya 36, na maandishi yakatokea: mistari 24, kila mmoja wenye nafasi ya herufi 32 tu!

TV za chogo za enzi hizo zilificha kingo za picha, na baadhi ya TV bapa zimerithi tabia hiyo. Ndiyo maana leo ukiunganisha kompyuta na TV kama hiyo kwa waya wa HDMI, saa iliyo pembeni chini huweza kukatika nusu. Inaudhi kweli, lakini kompyuta haina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta ukubwa wa picha, uzime ukuzaji.